Mvueni Baba Viatu

Juzi nimepitia mafaili ya watoto mliowasajili, nikakuta la mtoto wa miaka saba, kifafa tangu kichanga, na kwenye kipengele cha uso mmeandika "chunusi". Chunusi, wadogo zangu? Mtoto hajaota hata jino la mbele la pili! Nikaenda kunywa chai nje ya kliniki kwanza, maana ningefungua mdomo palepale ningemkosea mtu heshima. Sasa nimetulia kidogo. Mnaoingia kwenye utafiti wa TSC (tuberous sclerosis complex, ugonjwa wa jeni unaootesha vivimbe kwenye ngozi, ubongo na figo, na mara nyingi huleta kifafa) hapa Tabora, someni haya kabla hamjapanda tena gari la kwenda vijijini.

1. Ngozi kwanza. Vipele vyekundu mashavuni na pembeni mwa pua kwa mtoto mwenye kifafa ni angiofibroma, yaani vivimbe vidogo vya TSC, mpaka mthibitishe vinginevyo. Vitatu vinatosha kuhesabika kigezo kikuu cha kuitambua TSC. Madoa meupe nayo yawe matatu au zaidi, kila moja lisipungue milimita 5. Tumieni rula. "Madogo madogo" si kipimo. Mtoto avuliwe nguo zote, mgeuzeni mgongo na makalio, funikeni dirisha kwa kanga ndipo muwashe taa ya Wood, ile ya mwanga wa urujuanimno inayoyatokeza madoa meupe. Tochi ya simu si taa ya Wood, na yule aliyeniambia "inafanana" anajijua. Doa lililokufa ganzi acheni kuliita TSC, mpelekeni mtoto akapimwe ukoma.

2. Mchoro wa ukoo. Juzi nimeona mmoja wenu anauchora uani, majirani wanachungulia, nikahisi tumbo linakata. Nitawaambia kwa nini.

Miaka ya mwanzo nilikwenda kwenye familia moja ya wakulima wa tumbaku upande wa Urambo. Mtoto ana degedege zile za kujikunja mafungu mafungu, madoa tele, sina shaka nalo. Tumekaa kivulini: mama na mtoto mkekani, mama mkwe pembeni anachambua mchicha, baba kwenye kigoda, ametoka shambani na mabuti yake ya mpira. Nikajiona mtaalamu. Nikatoa fomu, nikaeleza kwamba ugonjwa huu hutoka kwenye jeni na unaweza kutoka kwa mzazi, kisha nikamgeukia mama: "Kwenu kuna mwenye kifafa?" Akajibu kwa upole kwamba yupo mjomba. Nikakijaza wino kiboksi cha mjomba pale pale, mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akaacha kuchambua mchicha. "Si nilisema," akamwambia mwanawe. Baba nikamuuliza tu kama amewahi kuanguka. Hajawahi. Nikaandika: "Baba: hana dalili." Nikashukuru kwa maji ya kunywa, nikaondoka.

Niliporudi kuchukua damu, mama hayupo. Amerudishwa kwao na mtoto wake, "wachukue kifafa chao".

Muuguzi mmoja mkongwe wa ngozi aliposoma faili aliniuliza swali moja: "Baba ulimvua viatu?" Tukaenda naye. Baba alipovua mabuti, pembeni mwa kucha za vidole viwili vya mguu kulikuwa na vinyama laini vinavyochomoza kutoka kwenye mzizi wa kucha. Alikuwa akivikata kwa wembe kila vikikua, akidhani ni mabuti yanambana. Chini ya mgongo alikuwa na bamba la ngozi nene, la kukwaruza. Vyote viwili ni dalili za TSC. Maishani mwake hajaanguka hata siku moja. Na yule mjomba? Kifafa chake kilianza baada ya kudondoka kutoka mwembeni na kupasuka kichwa.

Msidhani nilipata ahueni. Nilikuwa nimemtoa mtu mmoja kwenye lawama kwa kumtia mwingine. Tulikaa na baba peke yake, tukamweleza kwamba hakuna aliyechagua jeni yake, kwamba katika familia moja mtu anaweza kuwa na vinyama vya kucha tu na mwanawe akaugua sana, na kwamba kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu. Mama alirudi baadaye, kwa kikao cha wazee na masharti yake mwenyewe. Aliponiona aliniuliza, "Na ingekuwa kweli ni mimi, ningebaki huko huko?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo: wazazi wote wawili wakaguliwe, kila mmoja faraghani, miguu mitupu, *kabla* ya kutamka chochote kuhusu kurithi. Takriban theluthi mbili ya wagonjwa ndio wa kwanza katika ukoo wao, mabadiliko yamezuka upya. Mkishawakagua, hiyo iambieni familia mapema, na mama mkwe awepo.

3. Kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau kipindueni taratibu, msikitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, na jina liandikwe kabla hamjaondoka kwa mtoto.

4. Jibu la maabara likirudi "hakuna kilichoonekana" kwenye TSC1 na TSC2, jeni mbili zinazoleta ugonjwa huu, mgonjwa hajapona. Kati ya asilimia 10 na 15 ya wenye TSC ya wazi hawaonyeshi kitu kwenye kipimo cha kawaida. Vigezo vya ngozi na viungo vinabaki vile vile.

5. Pimeni presha, hata ya mtoto. Vivimbe vya figo vya TSC kwa kawaida si saratani, lakini kwa watu wazima vinaweza kupasuka na kumwaga damu ndani. Dada mtu mzima anayelalamika kukosa pumzi msimwandikie pumu haraka haraka, aangaliwe mapafu, maana TSC huyagusa pia.

6. Fenobabitali, dawa ya kifafa, haikatishwi ghafla eti kwa sababu mtoto ameingia kwenye utafiti. Hili sitalirudia.

Mafaili yenye "chunusi" nimeyaweka mezani kwangu. Mje Jumatatu na rula, na yule aliyeazima taa aje nayo ikiwa na chaji.