Mtutu ukipata moto: barafu iache nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza hivi: bunduki yako ya .308 (ya risasi za milimita 7.62) yenye mtutu mwembamba inapiga vizuri risasi nne au tano za kwanza, halafu matundu kwenye shabaha yanaanza kupanda juu na kuegemea kulia, na ukifika ya kumi huelewi tena kundi la matundu limekwenda wapi. Mwenzako wa meza ya pili pale uwanjani amekushauri uje na kuliboksi la barafu, uuzungushie mtutu taulo la baridi kila baada ya raundi. Unataka kujua kama taulo hilo litauharibu mtutu.

Barafu usilete. Na si kwa sababu chuma kitapasuka. Nasikia sana maneno hayo, kwamba maji baridi yatakipasua chuma, kama panga la moto linavyozamishwa kwenye pipa la fundi. Mtutu ulishapitia hayo kiwandani: ulitiwa moto, ukapozwa, ukarudishwa tena kwenye joto la nyuzi mia kadhaa ili uwe mgumu bila kuwa mwepesi wa kuvunjika. Nyuzi 70 au 80 unazozipata wewe uwanjani hazigusi ugumu huo hata kidogo.

Ubaya wa barafu uko kwenye hewa yetu ya pwani. Kitu chochote hapa Mombasa kikishuka chini ya nyuzi 24 hivi kinaanza kutoka jasho. Tazama chupa ya soda ikitolewa kwenye friji, dakika mbili tu meza imeloa. Mtutu uliofungwa barafu utafanya hivyo hivyo, nje na ndani. Jasho la nje utaliona na kulifuta. La ndani hulioni. Nawe unakaribia kupitisha risasi humo. Unyevu ndani ya mtutu unapandisha presha na kuhamisha risasi, na maji yakikusanyika hadi kuziba njia, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mbele ya uso wako. Kwa hiyo kama kuna sheria moja ya kushika, ni hii: maji yasiingie ndani ya mtutu, kwa njia yoyote, kwa sababu yoyote.

Mtu aliwahi kuniambia mbona mizinga ya zamani ilipozwa kwa maji, nenda Fort Jesus uone. Mizinga ile ilisafishwa ndani kwa mti wenye kitambaa kibichi ili kuzima makaa yaliyobaki, baruti mpya isije ikawaka mikononi mwa anayeishindilia. Na bunduki ya Maxim ya mwaka 1884, ambayo kweli ilipozwa kwa maji, ilikuwa na bomba la nje lililozunguka mtutu na kubeba takriban lita 4. Maji yale hayakugusa njia ya risasi.

Sasa nikueleze yaliyonipata mimi. Nilianza na mtutu mwembamba kama wako, tena nilianza Januari, kaskazi imekolea, saa nne asubuhi meza za saruji hazishikiki. Nikawa naenda na chupa ya maji na kitambaa cha pamba. Kitambaa kilifanya kazi, sikatai. Kosa lilikuwa kwenye maji. Sisi huku Kisauni wengi tunatumia maji ya visima, na kisima cha kwetu kina chumvi ya kuonja kwa ulimi. Nilijaza chupa nyumbani bila kufikiri. Kila raundi nikaufuta mtutu kwa maji yale. Maji yakakauka, chumvi ikabaki. Mengine yaliteremka katikati ya mtutu na ubao unaoushikilia, mahali ambapo jicho halifiki. Baada ya wiki tatu nilifungua skrubu mbili za chini, nikaitoa chuma kwenye mbao, na hapo nikakutana na mstari wa kutu rangi ya machungwa, umeanzia karibu na chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kwenda mbele urefu wa kiganja. Nilipangusa kwa mafuta na sufi laini ya chuma. Kutu ilitoka lakini vishimo vilibaki, vidogo kama vya ncha ya sindano, na vipo mpaka leo. Iliniuma sana, maana bunduki ile nilihangaikia kibali chake muda mrefu, na nilijiona naitunza kuliko kitu chochote nilicho nacho.

Hesabu ndiyo iliyonituliza, kwa hiyo nitakupa hesabu. Risasi moja ya .308 ina baruti kama gramu 3. Baruti hiyo ikiungua inatoa nishati ya kilojuli 11 hivi. Kilojuli tatu na nusu zinaondoka na risasi yenyewe, sehemu kubwa inatoka mdomoni kama gesi ya moto na mshindo, na kama kilojuli 3 zinabaki kwenye chuma. Mtutu mwembamba una uzito wa kilo moja na nusu au pungufu kidogo, na kilojuli 3 zinaupandisha kama nyuzi 4. Piga kumi mfululizo, umepanda nyuzi 40. Asubuhi ya nyuzi 30 umeshafika 70, na karibu na chemba ni zaidi. Mtutu mnene wa kilo mbili na nusu, kwa risasi zile zile, unapanda nyuzi 24 tu. Mwenzako wa meza ya pili ana mtutu mnene, sivyo? Basi ushauri wake unatoka kwenye bunduki isiyofanana na yako.

Sasa upande wa kupoa. Gramu moja ya maji ikikauka juu ya chuma inaondoka na kilojuli 2.4 hivi. Kijiko kimoja cha chai, gramu 5, kikikauka chote juu ya mtutu kimeondoa joto la risasi nne. Ni kijiko kimoja tu! Huhitaji kuliboksi, huhitaji ndoo. Utasema hewa ya Mombasa imejaa unyevu, maji hayatakauka, kama vile mtungi wa maji usivyopoa vizuri siku za kaskazi. Mtungi haupoi kwa sababu wenyewe una joto sawa na hewa. Mtutu wa nyuzi 60 ni habari nyingine: maji yaliyo juu yake yanapata joto la chuma na kukauka haraka, unyevu wa hewa uwe utakavyokuwa.

Kwa hiyo ukitaka kutumia kitambaa, kitumie hivi. Bunduki tupu, bolti (chuma kinachofunga chemba) iwe wazi, msimamizi wa uwanja ameridhia ushike bunduki, na hakuna mtu aliyekwenda mbele kwenye shabaha. Watu wakiwa mbele hakuna kugusa bunduki, hata kwa kitambaa, hata ukiwa na sababu nzuri. Chukua maji ya chupa ya dukani, si ya kisima wala ya bomba. Lowesha kitambaa, kamua mpaka kisitone, kisha futa sehemu ya mbele ya mtutu iliyo wazi, usikaribie mdomo wala mahali mtutu unapoingia kwenye ubao. Futa, acha ikauke, futa tena. Mara tatu au nne zinatosha, ni kazi ya dakika nne au tano. Mwisho pitisha kitambaa kikavu.

Lakini kwa kweli siku nyingi mimi silowanishi chochote. Naachia upepo. Nilinunua kipimajoto cha miale, vile wanavyotumia mafundi wa friji, nikabandika kipande cha tepu nyeusi juu ya mtutu (chuma kinachong'aa kinadanganya kipimajoto, kinaonyesha joto la chini kuliko lilivyo). Hewa ikiwa imetulia, mtutu wangu ulichukua kama dakika 25 kupoteza nusu ya joto lake la ziada. Siku za kusi, upepo unapopita meza kwa meza, ilikuwa dakika nane mpaka kumi. Bunduki ile ile, mahali pale pale. Tangu hapo nachagua meza ya pembeni inayopata upepo. Naiweka bunduki kwenye kishikio, bolti wazi, mdomo juu, ili hewa ya moto ipande na kutoka na ya chini iingie kwenye chemba. Njia ya milimita 7.62 ni nyembamba, hewa haipiti nyingi yenyewe, kwa hiyo wengine hutumia pampu ndogo ya betri, kama zile za kujazia maboya ya watoto pale ufukweni, wanaingiza bomba laini la plastiki kwenye chemba na kupuliza. Inasaidia kwelikweli, na ni hewa kavu kuliko kitambaa. Angalia tu bomba liwe safi, lisiingize mchanga.

Na kivuli. Mtutu mweusi ukilala juani unapata moto kabla hujapiga hata moja. Nautupia kikoi cheupe kikavu, na boksi la risasi naliweka chini ya meza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo tatizo lako, maana kupanda kwa matundu si lazima kuletwe na mtutu. Fikiria unachofanya kati ya risasi ya sita na ya saba. Unafunga bolti, risasi imo kwenye chemba, unangoja upepo utulie, unapangusa jasho, jirani anapiga unashtuka, unaanza tena kupumua. Dakika imepita. Muda wote huo risasi imelala ndani ya chuma cha moto na baruti yake inapata joto. Baruti ya moto inaungua kwa kasi zaidi, presha inapanda, risasi inatoka na mwendo mkubwa na kupiga juu. Mimi nilikuwa hivyo. Nilipoanza kulenga kwanza, chemba ikiwa tupu, na kufunga bolti wakati niko tayari, nusu ya kupanda kwangu ilikwisha siku hiyo hiyo. Tena ni usalama: chemba ikiwa ya moto kupita kiasi, risasi iliyoachwa humo inaweza kulipuka bila kidole kugusa kifyatulio.

Kitu cha pili ni mazigazi. Joto linalopanda kutoka kwenye mtutu linapita mbele ya darubini na kuchezesha picha. Unaona duara la shabaha linaelea kama lami ya barabara ya Malindi saa saba mchana, unalenga mahali ambapo halipo. Kata ukanda wa karatasi ngumu nyeupe, upana wa vidole vitatu, uufunge juu ya mtutu kwa mipira miwili. Joto litatoka pembeni.

Na la tatu, hilo la kulia. Je, bunduki yako ina mbao? Mbao za pwani zinavimba msimu wa masika, tena zinavimba bila usawa. Chukua noti ya shilingi 50, ipitishe chini ya mtutu kuanzia ncha ya ubao, uivute polepole kurudi nyuma kuelekea chemba. Inatakiwa iteleze bila kushikwa. Yangu ilikwama vidole vinne kutoka nchani, upande wa kushoto. Mtutu ukiwa baridi ulikuwa unagusa kidogo tu. Ukipata moto ulitanuka, ukasukumwa na mbao, ukaenda kulia. Mwaka mzima nilikuwa napoza mtutu ambao shida yake ilikuwa mbao. Fundi wa bunduki mwenye leseni alikwangua sehemu ile kwa muda usiozidi nusu saa, akapaka vanishi ili ubao usinywe unyevu tena. Tangu hapo risasi ya kumi haiendi mbali na ya tano. Kwa mita 100 kundi langu limekaa kwenye sentimita 4, nalo likipanuka linapanuka pande zote, halikimbilii kulia.

Hata baada ya hayo yote mtutu mwembamba haukutengenezwa kwa kumi mfululizo. Ulitengenezewa mwindaji anayebeba bunduki siku nzima na kupiga moja au mbili. Hapa kwetu uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, sisi tunatoboa karatasi, lakini chuma ni kile kile. Piga tano, pumzika. Dakika 15 nenda kaangalie ya wenzako, andika daftari, kunywa maji. Kupiga haraka mtutu ukiwa wa moto kunakula koo lake, pale risasi inapoanzia safari, ambapo gesi ya zaidi ya nyuzi 2,000 inapita kila mara. Koo likishaliwa hakuna dawa ila mtutu mpya, na wewe unajua mtutu mpya hapa nchini ni makaratasi kiasi gani.

Ukimaliza usiifungie bunduki ya moto kwenye begi lenye sponji. Sponji linashika unyevu na chumvi ya hewa. Ngoja ipoe, ifute, paka mafuta mepesi nje, na ukifika nyumbani ukaushe ndani pia.

Anza na noti, kabla hujatumia hata shilingi moja nyingine. Kisha utuambie hapa imekwama wapi na upande gani.