Gari inashtuka ukipunguza mwendo? Jaribu kwenye N kwanza

Hili tatizo linakula hela za watu bure kabisa. Ukifika gereji ukasema "gari inashtuka" fundi anasikia giaboksi, na ikishatajwa giaboksi ujue bei nayo imepanda. Mimi natembelea Toyota Ist otomatiki, ile ya cc 1500 yenye injini ya 1NZ, ilikuwa nikikaribia tuta au foleni nikiachia tu mafuta inanichapa mbele kama nimegongwa kwa nyuma, na fundi wa kwanza alishaanza kunitafutia giaboksi ya mtumba hata boneti hajafungua.

Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, nenda 40 hivi, peleka gia N (fri, injini haivuti matairi) halafu kanyaga breki taratibu mpaka isimame. Injini usizime jamani, ukizima breki na stelingi vyote vinakuwa vigumu.

Ikiendelea kushtuka hata ikiwa N, achana na giaboksi, angalia breki. Pedali inadunda mguuni na stelingi inatetemeka, hapo mara nyingi ni diski za mbele, unene wake hauko sawa tena. Kuna nyingine inachanganya sana watu, gari inakaribia kabisa kusimama ndo inafanya grrrr kwenye pedali, hiyo mara nyingi ni ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki) inadanganywa na sensa ya mzunguko wa tairi iliyochafuka au ringi ya meno inayosomwa na hiyo sensa ikiwa na kutu, na taa kwenye dashibodi inaweza isiwake kabisa.

Ikitulia kwenye N halafu ukirudi D inaanza tena (yangu ilikuwa hivi), sasa ndo unaenda kwenye injini na giaboksi. Anza na oili ya giaboksi, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua hiyo si habari njema. Na hakikisha ni oili yake, Ist yangu ni otomatiki ya kawaida ya gia nne inatumia oili ya T-IV, lakini Toyota Premio new model ni CVT (otomatiki ya mkanda, haina gia za hatua) na ina oili yake tofauti, fundi akikwambia zote sawa tu, chukua funguo zako uondoke.

Yangu oili ilikuwa safi. Tukafungua throto bodi (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), nyeusi tii. Ukiachia mafuta kompyuta inakata petroli kwenye injekta, mzunguko wa injini ukishuka inairudisha, sasa hapo pa kurudisha kama hewa haipiti vizuri injini inashtuka. Tukasafisha kwa dawa yake, ikapungua sana ila haikuisha.

Kilichobaki kilikuwa mauntini ya injini, zile raba zinazoishikilia injini kwenye bodi. Kupima ni rahisi, handbreki juu, kanyaga breki ya mguu haswa, boneti wazi, mtu asimame PEMBENI na siyo mbele ya gari, halafu weka D uguse mafuta kidogo, achia mafuta, kisha weka R ufanye hivyo hivyo. Injini ikinyanyuka na kurudi kwa kishindo umeshapata jibu. Yangu ilikuwa ya upande wa belti, raba imechanika kati na maji yanayokuwa ndani yake yamevujia chini, kwa juu huwezi kuona kitu. Nikanunua mpya. Za mtumba kwenye mauntini mi sizishauri, raba inazeeka hata ikiwa imekaa tu stoo.