Muulize Fundi: Mpira wangu wa rimoti unagoma kwenye ukingo wa mkeka

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 19, nipo Morogoro. Nimetengeneza mpira wa rimoti kwa mabakuli mawili ya plastiki niliyoyafunika mdomo kwa mdomo. Upana wake ni sentimita 30, na pamoja na vilivyomo una kilo 1.2. Mhimili ni nondo nyembamba iliyotoboa vitako vya mabakuli yote mawili, na fremu yenye mota ya gia inaning'inia humo. Betri nimeifunga juu, karibu na mhimili, isije ikagonga bakuli. Servo, ile mota ndogo inayogeuka kwa pembe unayoiagiza, inaipeleka betri kulia au kushoto ili nikate kona. Sakafuni unakwenda, lakini ukifika ukingo wa mkeka unagoma: fremu inazunguka ndani, mpira umesimama. Kona haukati, unafuata upande unaoutaka wenyewe. Nikiachia rimoti, unayumba mbele na nyuma. Ninunue mota yenye nguvu zaidi?
D., Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mota usinunue kwanza. Umesema mwenyewe kwamba fremu inazunguka ndani, maana yake mota inaushinda uzito wako. Kilichokosekana ni uzito wa chini.

Mpira wa namna hii hausukumwi na mota moja kwa moja. Chukua timazi ya mwashi, kile kizito kinachoning'inia kwenye uzi; kwako timazi ni fremu pamoja na mota na betri. Mota inajaribu kuipandisha mbele, timazi inataka kurudi chini, na katika kuvutana huko ganda ndilo linalobiringika. Timazi ikifika usawa wa mhimili, nguvu yako yote imeishia hapo. Ukiilazimisha zaidi inapinduka, kama unavyoona.

Piga hesabu hii, ni fupi. Zidisha uzito unaoning'inia kwa umbali wake kutoka katikati ya mpira. Gawanya kwa uzito wa mpira mzima mara nusu ya upana wake. Kwa maelezo yako nakadiria fremu, mota na betri vina gramu 300 hivi, na kwa wastani vipo sentimita 4 tu chini ya mhimili. Unapata 0.067, yaani mpira unaweza kupanda mwinuko usiozidi nyuzi 4, na kuvuka kizingiti cha milimita 0.3. Ukingo wa mkeka ni milimita kadhaa. Hauvuki, hata ufunge mota ya winchi.

Sasa shusha kila kitu kizito na uongeze risasi, ile metali nzito laini, si ya bunduki. Mimi nipo Tanga, natumia chubwi, vile vizito vya risasi vya wavuvi. Wewe tafuta vyuma vyovyote vidogo vizito, hata nati kubwa za gari. Ukitumia risasi ipake rangi na unawe mikono kabla hujala. Fikisha kilo 1.2 zinazoning'inia sentimita 9 chini ya mhimili, mpira mzima uwe na kilo 2. Hesabu inatoa 0.36: nyuzi 21, na kizingiti cha sentimita 1. Hicho ni kikomo cha makaratasi. Njiani tegemea nusu yake. Mkeka utauvuka.

Mota ya kuinua uzito huo inataka nguvu ya kilo 11 kwenye mkono wa sentimita 1, na mizunguko 60 kwa dakika inatosha, kwa sababu kila mzunguko ni sentimita 94 za njia. Zile mota za njano za vigari vya kuchezea hazifiki hata kilo 2.

Kuhusu kona nakuomba usome polepole, hapa vijana wengi wanakata tamaa bure. Mpira hauna gurudumu la kugeuza. Unageuka kwa kulala upande, kama sarafu inayobiringika ikiwa imeinama. Servo yako inahamisha betri peke yake huku mota na fremu vimebaki vimenyooka, vinaurudisha mpira wima. Timazi nzima ndiyo iinamishwe. Ikilala nyuzi 10, mpira wako utazunguka duara la nusu-upana wa sentimita 85 hivi. Nyuzi 25, sentimita 32. Usivuke 30. Servo ya gia za chuma kama MG996R inaweza kazi hiyo. Na lazima mpira uwe unatembea. Ukiwa umesimama utalala tu pale pale.

Tena kuna midomo ya mabakuli. Pitisha kidole kwenye kiungo. Kama ule ukingo umejitokeza nje, mpira wako unakaa juu yake kama gurudumu, na gurudumu halilali. Ukate, usugue kwa msasa mpaka kidole kisihisi kitu, kisha unganisha kwa utepe wa plastiki upande wa ndani.

Kuhusu kufuata upande wake: toa kila kitu, funga ganda tupu, liweke kwenye beseni la maji. Lizungushe, liache litulie, weka alama ya kalamu juu. Rudia mara tano. Alama ikirudi juu kila mara, upande wa chini ni mzito, mara nyingi kwa sababu ya gundi. Bandika vipande vidogo vya risasi ndani, penye alama, mpaka ganda litulie popote unapoliacha. Kazi hii inaweza kula alasiri nzima na hakuna atakayeiona, lakini mimi naipenda kuliko sehemu zote.

Kuyumba hakuishi kabisa, timazi ni bembea. Kunapungua sana ukiandika programu ipandishe na kushusha mwendo taratibu, kwa sekunde moja, badala ya kukata ghafla.

Jambo la mwisho, funga uzito kwa bolti zilizopenya fremu. Mpira wangu wa kwanza niliufunga kwa seloteipu. Jua la mchana likalainisha gundi, risasi zikachomoka, zikakata waya wa mota mbele ya watoto wa mtaa waliokuwa wamengoja wiki nzima kuuona. Nyuso zao bado nazikumbuka. Betri za lithiamu ndizo za kubanwa zaidi: kipande cha risasi kikigusa ncha zake mbili, moto unawaka ndani ya mpira uliofungwa.

SWALI: Fundi, ule mpira wa rimoti wa dukani uitwao Sphero unageuka palepale uliposimama. Wetu kwa nini usiweze?
Mama Neema, Arusha

JIBU: Mama Neema, Sphero, uliotoka Marekani mwaka 2011, hauna timazi. Ndani yake kuna kigari chenye magurudumu mawili yanayokanyaga ganda. Moja likienda mbele na jingine nyuma, unageuka hapo hapo. Lakini kigari hicho lazima kibanwe kutoka juu magurudumu yasiteleze, na ganda liwe la mviringo kamili ndani. Kwa mabakuli hilo ni gumu. Timazi inasamehe ganda lisilo kamili upande wa ndani, ndiyo maana naanza nayo.