Kabla Hujamwita Mwanafunzi Mwizi

Ninyi mnaoanza kufundisha uandishi wa kitaaluma chuoni mtakutana mapema na insha iliyonyooka kupita kiasi, isiyo na kosa la sarufi wala dalili ya mtu aliyeiandika, nanyi mtashawishika kuipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi ya akili unde. Nawasihi msianzie hapo. Kampuni ya OpenAI, iliyotoa ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika, Novemba 2022, iliondoa chombo chake yenyewe cha utambuzi Julai 2023 kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima programu kadhaa za namna hiyo kwa insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidhaniwa kuwa kazi ya mashine. Mwenye msamiati mdogo huandika kwa maneno yanayotabirika, na kutabirika huko ndiko kunakopimwa. Wanafunzi wetu waliokulia katika Kiswahili wanaingia katika hatari hiyohiyo.

Niliwahi kumtuhumu binti mmoja kwa ushahidi wa asilimia tu iliyotolewa na programu ya namna hiyo. Alileta daftari lenye rasimu tatu zilizofutwafutwa, nikamwomba radhi, lakini tangu siku hiyo hakunionyesha tena maandishi ambayo hayajakamilika. Jambo hilo bado linaniuma.

Tangu mwaka 2003 baraza la wasimamizi wa programu za uandishi la Marekani limetenganisha anayekusudia kudanganya na asiyejua kutaja chanzo ipasavyo, na utengano huo tunauhitaji zaidi sasa. Maandishi ya mashine hayana mwenyewe anayeonekana kuibiwa. Kosa ninaloliona mimi ni kudai fikra ambayo hukuifikiri. Kwa hiyo andikeni ndani ya swali lenyewe matumizi yanayoruhusiwa, kwa mfano kusahihisha tahajia, na yasiyoruhusiwa. Kusanyeni muhtasari na rasimu ya kwanza kabla ya insha kamili, hata kama darasa ni kubwa na mtalazimika kupunguza idadi ya kazi. Shaka ikibaki, mketisheni mwanafunzi faraghani, mwulizeni kwa upole kwa nini alichagua hoja ile na ipi aliiacha, kisha mpeni muda wa kujibu.