Jibu: Viluwiluwi vya Anofelesi na Kuleksi, nawatofautishaje?

Salaam mkuu. Nimekuelewa: umechota viluwiluwi vya mbu kwenye dimbwi, umeviweka kwenye chupa, na vyote vinaonekana sawa, nawe unataka kujua vipi ni vya Anofelesi na vipi ni vya Kuleksi, aina mbili za mbu.

Kabla ya kutafuta hadubini, weka maji kwenye bakuli jeupe, uache yatulie dakika chache. Ukitikisa tu, vyote vinazama na hutaona kitu. Vikipanda kupumua, tazama mkao. Kuleksi ananing'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu ana mrija wa kupumulia. Anofelesi hana mrija huo, hivyo hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Ukikuta mayai yameshikana kama kijiboti, hayo ni ya Kuleksi. Anofelesi hutaga moja moja.

Wakishakuwa mabuu bwete (hatua ya mwisho kabla ya mbu mzima, wale wenye umbo la alama ya mkato) usijisumbue kuwatofautisha, subiri watoke wakiwa mbu. Funika chupa kwa kipande cha chandarua. Chakula cha viluwiluwi kiwe punje chache tu. Mimi mara ya kwanza nilimwaga unga mwingi, maji yakachacha, wote wakafa. Wiki mbili zimepotea hivi hivi!

Mbu mzima: Anofelesi akitua huinua makalio juu, Kuleksi hukaa sambamba na ukuta.

Ila kama msimamizi wako anataka utenganishe Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis (spishi mbili za Anofelesi zinazofanana sana), kwa macho hutaweza, hata kwa hadubini. Hapo ni kipimo cha DNA maabara. Dimbwi lenyewe lina kivuli au jua?