Kabla ya plasta, pima mabomba

Juzi kijana mmoja anayejenga Ipuli, hapa hapa Tabora, kaniandikia: "Kaka, mabomba niyafukie ukutani au niyaache nje?" Nilisoma ujumbe wake nikiwa nimesimama bafuni kwangu, mbele ya kiraka cha vigae visivyofanana na wenzake.

Nyumba hii nimeijenga miaka sita, tofali kwa tofali, bila mkopo. Miezi minne baada ya kuhamia, rangi ya ukuta wa nyuma ya bafu ikaanza kututumka. Nikasema fangasi. Nikakwangua, nikapaka upya. Haikupita mwezi ikabanduka tena, safari hii na plasta yake. Ukibonyeza kwa kidole gumba kinazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Mke wangu alishaniambia, "Baba Neema, ukuta ule una maji." Sikumsikiliza, na linaniuma hadi leo.

Bili ilipopanda mara mbili, nikafunga koki zote usiku, nikaenda kwenye mita na tochi ya simu. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka. Nyumba nzima imelala, maji yanatembea!

Tulivunja sehemu tatu ndipo tukaipata: kona moja ya bomba la PPR, yaani bomba la plastiki ngumu. Bomba hili huungwa kwa kuyeyushwa na mashine yenye joto la nyuzi 260. Mashine isiposhika moto vizuri, kiungo kinanata juu juu tu, na matofali yetu ya kuchoma yananyonya maji kimyakimya. Fundi aliyeifunga, mtu niliyekula naye sahani moja, hakupokea simu zangu. Nimemsamehe, lakini sijasahau.

Nchi za baridi maji huganda ukutani na kupasua bomba. Huku kwetu tunaponzwa na haraka. Ndugu zangu, acheni haraka! Fukia ukipenda, ila kwanza mfumo ujazwe maji, ifungwe pampu ya kupimia, presha ipandishwe, ulale. Asubuhi mshale wa presha ukiwa umeshuka, kagua, huenda kuna panapovuja. Fundi asimaliziwe hela yake kabla ya hapo. Kila ukuta upigwe picha, futi kamba ikionekana, usije ukavunja kwa kubahatisha kama mimi. Na kila bafu liwe na koki yake ya kukatia maji.

Mdogo wangu wa Ipuli, umesema fundi plasta anaanza Jumatatu. Mpigie leo, mwambie asubiri.