Kabla Hujalipia Kigari cha Mtoto, Kikunje Wewe Mwenyewe

Juzi usiku, mwanangu Imani alipokwisha lala, nilikuta ujumbe wa dada mmoja wa Mbagala. Ana mimba ya miezi saba, uzao wa kwanza. Kanitumia picha nne za vigari vya mtoto na maneno haya: "Dada, naomba unichagulie. Tuna laki mbili tu, sitaki nikosee." Nikazitazama zile picha, nikakwama kwenye ya pili. Ni kigari kilekile nilichonunua mimi, rangi tu ndiyo tofauti. Usingizi ukaniruka.

Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Sote tunaanza na ndoto moja. Mtoto akitimiza arobaini umtoe kapendeza, umsukume taratibu, mikono yako iwe huru, na wanaopita waone kwamba mtoto huyu ana wazazi waliojipanga. Sioni aibu kuitaka ndoto hiyo. Mimi niliitaka kuliko kitu kingine chochote mwaka ule.

Hela yangu ilitoka kwenye mchezo wa kupeana fedha. Tulikuwa akina mama kumi na wawili, zamu yangu ikaangukia mwezi wa nane wa mimba, nikaona ni baraka. Nikaenda Kariakoo na shilingi 280,000 zimefungwa kwenye kona ya khanga. Kigari chenyewe kilikuwa mtumba wa Uingereza, kijivu, magurudumu manene, kiti kinageuzwa mtoto akakutazama, na chini kina kikapu kinachomeza mahitaji ya wiki nzima. Muuzaji akakisukuma kwenye vigae vya duka kwa kidole kimoja. Nikauliza, "Kinakunjwa?" Akajibu, "Kinakunjwa dada," akabonyeza hapa, akavuta pale, nikaona kimelala chini. Nikalipa. Mikono yangu haikugusa hata kifungo kimoja.

Sisi tunaishi Bonyokwa, huku Dar es Salaam. Anayepajua Bonyokwa anajua ile milima, mawe ya barabarani, na utelezi mvua ikinyesha. Ukitaka kwenda mjini unashuka na bajaji mpaka Kimara, ndipo unapanda basi la mwendokasi. Siku ya kwanza nilipokitoa kile kigari nje ndipo nilipogundua kwamba hakikunjwi kikiwa kizima. Lazima uchomoe kiti kwanza, kisha ukunje fremu, na fremu inataka mikono miwili na mguu mmoja kwa wakati mmoja. Baadaye nilikipeleka kwenye mizani ya duka la mchele: kilo 14. Imani mwenyewe alikuwa hajafika saba.

Basi jiulize, unapochomoa kiti, mtoto anakaa wapi? Jibu langu lilikuwa kumpa yeyote aliye karibu. Nimempa mwanangu muuza matunda. Nimempa dereva bajaji. Nimempa dada nisiyemjua jina, pale kituoni, huku foleni inanisukuma. Naandika haya na mikono inatetemeka, kwa sababu leo simpi mtu nisiyemjua hata mkoba wangu.

Imani alikuwa na miezi mitano siku ile tulipokwenda kupima uzito. Kimvua kilikuwa kimeanza, dereva wa bajaji ana haraka. Nikafungua fremu upesi, nikapachika kiti, nikamfunga mkanda, nikasukuma. Komeo la kushoto liliingia. La kulia halikuingia, nami sikutazama. Tulipofika penye mtaro mbele ya kituo cha afya, magurudumu ya mbele yaligonga ukingo na kigari kizima kikajikunja na mwanangu ndani. Mkanda ulimshika asianguke, ila chuma cha mbele kilimpiga mdomoni. Damu ilikuwa kidogo. Kilio chake bado nakisikia.

Muuguzi alimsafisha, kisha akaniambia mbele ya foleni nzima ya akina mama: "Haya ndiyo matokeo ya kuiga." Jioni wifi yangu alikuwa amekwisha liandika kwenye kundi la familia. Mama mkwe akapiga simu kutoka Dodoma: "Mwanangu, mtoto anabebwa mgongoni. Nilikwambia." Hakuna aliyeuliza kama nimekula siku ile. Imani sasa anakaribia miaka mitatu, kovu halionekani kabisa, lakini lile neno la kuiga bado linanikaa kooni.

Ninyi mnaosoma, naomba mlielewe jambo moja. Mama mkwe alikuwa na haki kuhusu mbeleko, lakini hakuwa na haki kuhusu kigari. Miezi iliyofuata nilimbeba Imani kwa khanga, na ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, maana vigari vyepesi vya kukunja vingi kiti chake hakilali sawasawa. Mtoto ambaye shingo na mgongo havijakaza havimfai. Vinamfaa akishaweza kukaa mwenyewe, karibu miezi sita hivi. Kabla ya hapo mgongo wa mama unatosha. Ila mtoto akifika kilo kumi, na wewe una mzigo wa vitambaa wa kupeleka kwa wateja kama mimi, mgongo nao una kikomo chake. Asiyebeba asimfundishe anayebeba.

Kigari cha pili nilikinunua Imani ana miezi minane. Nilikwenda naye dukani kwa makusudi. Nikampakata kiunoni mkono wa kushoto, nikamwambia muuzaji akae pembeni, nikaanza kukunja kwa mkono wa kulia. Cha kwanza kilinishinda. Cha pili kilikunjika lakini kilitaka niiname mpaka chini, na kuinama na mtoto kiunoni ni kumwangusha. Muuzaji akawa anasema, "Dada, nikusaidie." Nikamwambia hapana, kule kwenye mwendokasi hutakuwepo. Cha nne kilikunjika kama mwavuli: bonyezo la mguu, mkono ukasukuma mbele, kikafungana. Kilo sita. Nikalipa 130,000, chini ya nusu ya kile cha kwanza.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mtindo huo wa mwavuli aliubuni Mwingereza mmoja, Owen Maclaren, mwaka 1965. Alikuwa mhandisi wa ndege, na alikuwa ameshughulikia miguu ya ndege za kivita za Spitfire, ile inayokunjwa ndege ikipaa. Binti yake alikuja kumtembelea na kigari kizito cha mjukuu, yule babu akaona taabu ile, akatengeneza cha alumini chini ya kilo tatu. Nilipolijua hili nilijisikia vizuri sana. Taabu yangu ya Kimara aliiona babu mmoja Uingereza miaka mingi kabla sijazaliwa, na hakumwambia binti yake kwamba anaiga.

Sasa nisikilize vizuri, dada yangu wa Mbagala na wengine wote. Kikunje wewe mwenyewe. Kikunje na kukikunjua mara tatu, mtoto akiwa mkononi. Kama hujajifungua, pakata mfuko wa unga wa kilo tano. Ukikikunjua, sikiliza makomeo yote mawili yakilia, kisha yatazame kwa macho, halafu ubonyeze kiti kwa nguvu kabla hujamweka mtoto. Mimi sikutazama.

Kagua bawaba, pale vyuma vinapokutana. Mwaka 2009 huko Marekani vigari vya mwavuli karibu milioni moja viliondolewa matumizini hadi virekebishwe, kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto wakati mzazi anakunjua. Kwa hiyo mtoto asiwe na mkono karibu unapofungua, na kama bawaba iko wazi bila kifuniko, achana nacho. Mkanda uwe ule unaopita mabega yote mawili, kiuno na katikati ya mapaja. Ule mkanda mmoja wa tumboni mtoto huteleza chini yake. Kwenye mtumba wa Ulaya tafuta kibandiko cha EN 1888, mara nyingi kiko kwenye fremu au chini ya kiti. Hicho ndicho kiwango chao cha usalama wa vigari vya watoto. Kama kimefutika, usimwamini muuzaji kwa maneno yake.

Barabara yako ndiyo itakayokuambia magurudumu. Haya madogo ya mwavuli yanazama mchangani, siwadanganyi. Huku kwetu nakigeuza na kukivuta kinyumenyume, au namweka mtoto mgongoni mpaka lami. Mikoba msiitundike kwenye mpini, mtoto akitoka uzito unarudi nyuma na kigari kinapinduka; akiwamo mwepesi, kinapinduka naye. Na ninyi mnaofunika kigari chote kwa khanga kumkinga jua la Februari, acheni leo hii. Hewa haipiti, ndani panakuwa tanuri kwa muda mfupi. Kivuli kiwe juu, pembeni pawe wazi.

Mwisho wa mwaka jana tulikwenda Dodoma kwa treni ya umeme. Imani mkono wa kushoto, kigari kimekunjwa mkono wa kulia, begi mgongoni kwangu, nikapanda behewa bila kumwomba mtu chochote. Naomba mnielewe kwa nini nalitaja. Mtu aliyewahi kumpa dereva bajaji mwanawe ili akunje chuma anajua furaha ya kupanda treni namna ile. Mama mkwe alikipokea mlangoni, akakinyanyua kwa mkono mmoja, akakipima uzito. Akasema, "Hiki angalau chepesi." Hakuongeza neno, nami sikumdai.

Dada wa Mbagala, kile cha pili kwenye picha zako kiache, hata wakupunguzie bei. Vile vingine vitatu sivijui kwa kuvitazama tu. Una miezi miwili ya mimba na mingine sita ya mbeleko mbele yako, kwa hiyo laki mbili zako zifunge mahali pazuri. Siku ya kununua nitumie ujumbe, Jumamosi huwa niko Kariakoo kufuata vitambaa. Nitakushikia mtoto, wewe ukunje.